Daktari kasema nile polepole kwa makini, nashindwa. Nyie mnawezaje?

#1 Mhasibu_Ntinda
Wakuu, habari. Nimepima sukari, imekaa mpakani: si mgonjwa, si mzima. Daktari hakunipa dawa, kanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, naye hakunikataza matooke (ndizi za kupika) wala posho (ugali). Alichosema ni hiki: kaa mezani, simu iwe mbali, tazama chakula kabla ya kukigusa, nusa, tafuna vizuri, weka uma chini kati ya tonge na tonge, na ukifika nusu ya sahani jiulize kama bado una njaa au mkono unakwenda kwa mazoea tu.

Nikasema moyoni, hilo nalo ni la kulipia? Mchana nikakaa na matooke na binyebwa, mchuzi wa karanga, simu nikaifungia kwenye droo. Matonge ya mwanzo nilikuwepo. Halafu zikanijia hesabu za kodi za mteja mmoja, nikaja kushtuka nakwangua sahani. Ukiniuliza binyebwa vilikolea chumvi au la, sijui.

Dai langu: hapa Uganda hatukufundishwa kula, tulifundishwa kumaliza. Waliobadilika ukubwani, mlianzia wapi?

#2 Kikomando_Kalerwe
Bosi, una droo ya kufungia simu! Mimi wa boda nikiweka simu mbali, abiria kachukuliwa na mwingine. Chapati na maharage nakula nimeegemea pikipiki, helmeti iko kwenye kiwiko. Programu ikilia, nakunja chapati iliyobaki, naisokomeza kwenye mfuko wa jaketi, twende. Utulivu huo ni wa watu wenye viti.

#3 Hajati_Bombo
Kijana wa boda kanichekesha. Mhasibu, dai lako lina walakini. Sisi Bombo tumelelewa kwenye sinia, na sinia lina sheria zake: bismillahi, mkono wa kulia, kula mbele yako, usivuke upande wa mwenzio, usiinuke kabla ya mkubwa. Marehemu bibi akiona mtoto kafinyanga tonge kubwa kuliko kinywa, alimshika kiganja, akalimega tonge lile mbele ya wote, akamrudishia nusu. Hakuna aliyetaka kurudishiwa nusu.

Na tulikwisha kuambiwa zamani: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Hadithi ya Miqdam, iko kwa Tirmidhi. Hayo ya mtaalamu wako tunayajua, yamevaa koti jeupe tu.

#4 Kikomando_Kalerwe
Shikamoo Hajati. Sasa sinia la watoto sita, nyama iko katikati, kweli kuna aliyekuwa anakula polepole?

#5 Hajati_Bombo
Marahaba. Nyama haikuguswa, mwanangu. Iligawiwa mwishoni na mkubwa. Kazi ya mkubwa ilikuwa nini unafikiri?

#6 Afande_Mstaafu
Niko upande wa Mhasibu. Mimi nilijifunza kula depo, kambi ya mafunzo ya askari. Unapanga foleni na mestini, unapakuliwa posho inayotoa moshi na maharage juu yake, na hujakaa sawasawa mkufunzi kashapuliza filimbi. Aliyebaki na chakula mdomoni anakimbia nacho. Tulikuwa tunamimina maji baridi juu ya posho ili iteleze. Nimestaafu, nina nyumba, nina meza, na mke wangu bado anasema nakula kama adui yuko getini.

Kilichonisaidia si kuhesabu wala kunusa. Nimeacha kijiko. Posho ya moto ukiila kwa mkono, vidole vinakataa kabla ya kinywa. Lazima uikate, uifinyange, uisubiri. Kijiko ndicho kinachodanganya watu.

#7 Mwalimu_Kasese
Afande, usiende mbali hadi depo. Bweni tu linatosha. Nimesoma bweni, sasa nafundisha bweni (jina la shule nalihifadhi), na mambo ni yale yale. Foleni inachukua muda mrefu kuliko kula kwenyewe, kengele ya masomo ya jioni haisubiri mtu, na maji ya kuoshea sahani yanaisha. Lakini kubwa kuliko yote ni nyongeza. Posho ikibaki kwenye sufuria, anayeipata ni aliyemaliza kwanza. Mtoto anafanyiwa hivyo tangu darasa la kwanza la sekondari mpaka anatoka na cheti. Haraka inalipwa kila siku. Halafu ana miaka arobaini mnamwambia weka uma chini.

#8 Sayansi_Kidogo
Mnazunguka sana. Jibu ni fupi. Ubongo hupata habari ya shibe baada ya dakika 20 kwa homoni ya leptini. Tafuna kila tonge mara 32, sawa na idadi ya meno. Kwisha.

#9 Nesi_Mbale
#8, haijaisha. Leptini inatoka kwenye mafuta ya mwili na inahusu akiba ya muda mrefu, si sahani ya leo mchana. Wakati wa mlo wanaofanya kazi ni wengine. Tumbo likitanuka, neva ya vagasi inapeleka habari juu. Chakula kikianza kufika utumbo mdogo zinatolewa homoni za shibe, kolesistokinini na GLP-1, huku gharelini, ile ya njaa, ikishuka. Hayo huanza mapema na kuongezeka kidogo kidogo. Dakika 20 ni makadirio, si kengele ya Mwalimu wa Kasese. Anayefakamia anamaliza sahani ya pili kabla ya habari za sahani ya kwanza kufika, basi.

Na 32 ni ya wazee wa Ulaya. Husemwa ilianzia kwa Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza wa karne ya 19. Baadaye Mmarekani Horace Fletcher akapitiliza, akataka chakula kitafunwe mpaka kiwe majimaji, na maziwa nayo yatafunwe.

Mhasibu, kula haraka na uzito vimeonekana vikienda pamoja katika tafiti nyingi, hasa za Japani. Ila kuonekana pamoja hakutoshi kusema kimoja ndicho kimeleta kingine.

#10 Mkiga_Halisi
Banange, mara 32! Nani atafune kalo, ugali wa ulezi, mara 32? Kwetu Kabale unakata tonge, unabonyeza shimo kwa kidole gumba, unachota mchuzi, unameza. Ukitafuna linakunata kwenye magego na wazee wanajua umekulia mjini. Babu yangu alimeza kalo maisha yake yote na hakuwa na kitambi wala sukari. Nesi, nifafanulie hapo.

#11 Nesi_Mbale
Babu yako alilima ile mitelemko ya Kabale kwa jembe la mkono, Mkiga. Nikupe jembe?

#12 Mkiga_Halisi
Nipe kalo kwanza.

#13 Mtoto_wa_Lira
Mnabishana kuhusu kinywa, mimi nasema tazameni sahani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda 1946 na kituo chake cha kwanza kilikuwa kwetu Lira, kabla ya kuhamia hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamjua kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza 1958, ile inayobeba jina lake. Aliporudi Uingereza akawa mtu wa nyuzinyuzi, ile sehemu ya mimea isiyosagika tumboni. Mwaka 1972 yeye na wenzake walilinganisha, miongoni mwa wengine, wanakijiji wa Uganda na mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza. Walipima kinyesi, naomba radhi kwa wanaokula, na muda ambao chakula kinasafiri tumboni. Wanakijiji walitoa mzigo mzito mara kadhaa na safari yao ilikuwa fupi sana.

Wale hawakufundishwa umakini wowote. Walikula chakula ambacho chenyewe kinakushibisha. Ndiyo maana babu yake Mkiga alimeza na akasalimika. Leo mtu anakula chipsi na soda, halafu anaambiwa kosa lake ni kutoweka uma chini!

Na kuna utafiti wa 2019 wa Kevin Hall, Marekani. Watu 20 waliwekwa kituoni mwezi mzima, wiki mbili wakapewa vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mmoja akila kadiri anavyotaka. Milo ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Kwenye vya kiwandani walikula zaidi kwa takriban kalori 500 kwa siku.

#14 Mwalimu_Kasese
Mtoto wa Lira, umeacha kipande. Utafiti huo huo uliona kwamba vile vya kiwandani walivila kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kasi imo, huwezi kuitoa mlangoni.

#15 Mtoto_wa_Lira
Imo, lakini imeletwa na chakula laini. Anzia kwenye chanzo.

#16 Sayansi_Kidogo
Basi tumieni sahani ndogo. Hilo limethibitishwa na Profesa Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu anakula kidogo bila kujijua.

#17 Mdudu_wa_Vitabu
Sayansi_Kidogo, jina lako linakufaa leo. Brian Wansink makala zake nyingi ziliondolewa na majarida yenyewe. Mwaka 2018 majarida ya JAMA, ya chama cha madaktari wa Marekani, yaliondoa sita kwa mpigo, na chuo kikatangaza kwamba anajiuzulu baada ya kumkuta na makosa ya kitaaluma. Sisemi sahani ndogo haifai. Nasema usimlete yeye awe shahidi.

#18 Sayansi_Kidogo
Sahani yangu ndogo siitupi.

#19 Kikomando_Kalerwe
Mnaongea sahani, mimi chakula changu kiko kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Ila nina swali la kweli: vidonda vya tumbo vinaletwa na kula haraka, sivyo? Wenzangu wa stejini karibu wote wanalalamika.

#20 Nesi_Mbale
Hapana. Vidonda vingi vinatokana na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na vingine ni dawa za maumivu zinazomezwa hovyo. Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao mwenyewe ili aonyeshe wanachofanya tumboni, na 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Kula haraka kutakuletea gesi, kujaa na kiungulia, na watu wanaviita hivyo vyote vidonda. Nenda ukapimwe, kipimo kipo, usinunue vidonge kwa kubahatisha.

#21 Binti_Masaka
Nami niongeze langu. Ofisini kwetu waliletwa wakufunzi wa kupunguza msongo. Siku ya kwanza kila mtu akapewa zabibu kavu moja. Moja! Itazame, igeuze, inuse, iweke kwenye ulimi usiitafune, kisha tafuna polepole. Tuliangaliana tu. Baadaye nikasoma kwamba zoezi hilo limeenezwa na Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake 1979 kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Halikuwa la kupunguza mwili hata kidogo.

Zabibu haikunifundisha kitu. Nani ana habari na zabibu Masaka? Lililonifundisha ni nsenene, wale panzi wa msimu. Novemba mama alileta bakuli, zimeshachambuliwa miguu na mabawa, zimekaangwa kwa mafuta yake zenyewe, kitunguu kidogo na chumvi. Nikaamua kula moja moja. Ganda linapasuka, halafu mafuta, halafu chumvi inakuja nyuma ya ulimi, halafu ile ladha ya karibu na karanga ambayo sikuwahi kuijua kwa sababu siku zote nilikuwa nabwia kiganja kizima. Kabla bakuli halijafika katikati nikaona inatosha. Mimi, nsenene, inatosha! Dada zangu walifurahi sana.

#22 Mkiga_Halisi
Hizo zilizobaki ulizifanyia nini? Nauliza kwa niaba ya wengi.

#23 Kikomando_Kalerwe
Binti, zikija tena nitafute, nafikisha mzigo Masaka bure.

#24 Mgeni_wa_Goma
Jambo wote. Nimesoma depo, bweni, sinia, yote sawa. Lakini hamjataja njaa yenyewe. Mimi nimepita kambi ya wakimbizi. Kule ukipata chakula unakimaliza hapo hapo, hujui nani atakuja au mtahamishwa lini. Sasa niko Kisenyi, nina duka, friji imejaa, na mwili wangu haujapata habari hiyo. Nikila nikiwa peke yangu ndiyo mbaya zaidi.

Wataalamu wanasema pakua kidogo, sufuria ibaki jikoni usiione. Kwangu hilo liliharibu. Nisipoiona sufuria nakula kwa wasiwasi. Sasa naiweka mezani, imefunikwa, nikiwa nayo mbele ya macho. Najua kipo. Hapo ndipo mkono unapunguza mwendo. Siwezi kusema kwa nini.

#25 Afande_Mstaafu
Goma, nimekuelewa sana. Kuna vijana wangu wangekusikia wangekuelewa.

#26 Hajati_Bombo
Pole mwanangu. Na usile peke yako, hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Mtu akila na watu anaongea, anamsogezea mwenzie mboga, anasubiri. Watu wa kula peke yao mbele ya televisheni ndio wanaotafuta walimu.

#27 Mwalimu_Kasese
Hajati, hapo nakukatalia kwa heshima. Kwetu mtoto hakuruhusiwa kusema neno akila. Baba alikula kimya, sisi kimya. Na mazungumzo yanakula umakini vile vile kama simu. Nikiwa na marafiki kwenye muchomo, nyama choma, naagiza mishikaki mpaka sijui nimekula mingapi. Na Arsenal ikiwa inacheza, usiseme.

#28 Sayansi_Kidogo
Arsenal inaondoa hamu ya kula kabisa, hiyo ndiyo dawa tuliyokuwa tunaitafuta.

#29 Mwalimu_Kasese
Nilijua mmoja atasema.

#30 Mhasibu_Ntinda
Asanteni wote. Nimejaribu la Afande, posho kwa mkono. Kweli inachelewesha, hasa mwanzoni ikiwa ya moto. Ikipoa naruka tena. Sufuria mezani, la Goma, mke wangu kalikataa, anasema sisi wengine tutakula lini.

Kilichonishangaza ni swali la nusu ya sahani. Mara nyingi jibu ni kwamba njaa imeshakwisha, ila naona vibaya kubakiza. Nasikia kabisa sauti ya mama: kuna watoto hawana. Nifanyeje na hiyo nusu? Kuitupa siwezi.

#31 Hajati_Bombo
Pakua nusu tangu mwanzo, baba. Kiporo cha matooke ukikipasha kwa kitunguu asubuhi, utashukuru.

#32 Mzee_wa_Fort
Wajukuu, nami nilijaribu hayo. Najichoma insulini kabla ya kula. Nikasoma mahali eti kula nusu, pumzika, sikiliza mwili. Nikasikiliza. Nikaanza kutetemeka, jasho, maneno hayatoki. Mjukuu akanipa soda ndiyo nikarudi.

#33 Nesi_Mbale
Mzee, pole sana, na nashukuru umelileta hapa. Wote wanaotumia insulini ya kabla ya mlo wasome vizuri: kipimo kile kimepangwa kulingana na chakula unachotarajia kula. Ukishajichoma, huwezi kuamua katikati kwamba umeshiba. Ukitaka kupunguza chakula, zungumza kwanza na kliniki yako wapange upya dawa. Kwa baadhi ya vidonge pia ni hivyo hivyo. Na uwe na sukari au glukosi karibu kila wakati, usitegemee mjukuu awe nyumbani.

Mhasibu, wewe huna dawa, endelea. Ila usije ukaona kutafuna vizuri kunatosha ukaacha kurudi kupima.

#34 Mama_Pacha
Samahani naingilia. Mimi tatizo langu ni kinyume. Nina pacha, mmoja anamaliza mara moja, mwingine anaitazama sahani, anapanga maharage mstari, ananusa, anaongea na kiazi. Uji unapoa mpaka unaganda juu. Huyu mmoja si ndiye anayefanya kila alichosema mtaalamu? Mbona naambiwa na kila mtu nimhimize ale haraka?

#35 Mwalimu_Kasese
Mlete bweni tumharibu.

#36 Nesi_Mbale
Mwalimu! Mama Pacha, kama uzito wake unapanda vizuri kwenye kadi na anacheza, muache na maharage yake. Kama hapandi uzito, mlete kliniki.

#37 Mtoto_wa_Lira
Nesi, hujasema neno bado kuhusu nyuzinyuzi zangu.

#38 Nesi_Mbale
Sikatai nyuzinyuzi. Nasema haziwezi kuwa sababu pekee. Afande alikula posho na maharage depo, maharage yana nyuzinyuzi tele, na bado anafakamia mpaka leo.

#39 Mtoto_wa_Lira
Anafakamia, lakini je, ana sukari?

#40 Afande_Mstaafu
Msinitumie kama mfano. Presha ninayo, sukari sina.

#41 Mdudu_wa_Vitabu
Mkiga, tuachane na hao. Unga wa kalo wa ulezi mtupu unapatikana wapi Kampala? Ninaonunua una muhogo mwingi, kalo inavutika hadi kwenye kiwiko.

#42 Mkiga_Halisi
Usinunue uliosagwa tayari. Nenda Nakasero, nunua ulezi wenyewe, uchague mawe, upeleke mashineni ukiwa umesimama hapo hapo. Muhogo kidogo unatakiwa ili ushike, lakini uweke wewe, si muuzaji. Na usitafune.